Nyumba Imehamwa, Ukoo Haukuhamwa: Uhakiki wa Ibada ya Kanisa Katoliki ya Kuwapokea Watu Wazima Waliokwisha Kubatizwa

1. Utangulizi

Wachungaji waliowahi kuhudumu katika sharika za vijijini mkoani Kagera wanaifahamu siku ambayo mzee wa Kanisa huingia ofisini na kusema kwa sauti ya chini kwamba binti wa fulani "amekwenda Roma". Binti huyo alibatizwa angali mchanga. Alifundishwa Katekisimo Ndogo, akapata kipaimara, akaimba katika kwaya ya vijana. Baadaye aliolewa na Mkatoliki, na sasa, akiwa mama wa watoto wawili au watatu, anahudhuria mafundisho parokiani ili apokelewe. Hatumzungumzii mtu mmoja. Habari yake ni ya wengi, nasi tumeikusanya katika sura moja ili tuweze kuijadili pasipo kumwaibisha mtu.

Habari hiyo ikifika, maswali mawili huulizwa. Wazee wa usharika huuliza, "Je, tulifute jina lake?" Mama mzazi huuliza swali jingine, na mara nyingi huliuliza nje ya kikao: "Je, mwanangu atabatizwa tena?" Kwa maoni yetu, swali la mama ndilo swali la kitheolojia. Swali la wazee ni la daftari. Hata hivyo, katika vikao vyetu swali la daftari hupewa saa nzima, nalo swali la mama hujibiwa kwa kutikisa kichwa.

Katika makala hii tunakusudia kulijibu swali la mama kwa kuuhakiki waraka unaohusika, yaani ibada ambayo Kanisa Katoliki hutumia kuwapokea katika ushirika wake watu waliokwisha kubatizwa kihalali katika makanisa mengine. Ibada hiyo ni sehemu ya kitabu cha taratibu za kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, kilichotolewa Roma mwaka 1972. Tunaisoma tukiwa Walutheri, nasi tunaisoma kutoka Kaisho, katika Wilaya ya Kyerwa iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Huko, karibu na mipaka ya Uganda na Rwanda, Mlutheri na Mkatoliki huchuma kahawa katika shamba moja na huzikana. Mahali kama hapo, mafundisho juu ya mipaka ya Kanisa hayabaki darasani. Hupimwa nyumbani, mezani na makaburini.

2. Njia mbili zilizochanganywa

Yatupasa kwanza kukumbuka kwamba Kanisa lote la upande huu wa ziwa lilianzishwa na watu walioongoka wakiwa wazima. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, walifika Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa amewaagiza wasibatize kwa haraka. Aliweka muda wa miaka minne ya kumwandaa mtu mzima, kwanza akiwa mwombaji, kisha akiwa mkatekumeni. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufanywa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi mwaka 1960, alibatizwa mwaka 1921 akiwa mtoto wa miaka minane, pamoja na baba yake na mama yake. Hapo tunaona watu wazima wawili waliotoka katika dini ya jadi wakaingia Ukristo, nao wakaja na mtoto wao. Huko ndiko kuongoka kwa maana kamili ya neno.

Kwa upande wetu, wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910 waliwakuta tayari Wahaya waliokuwa wamepata Injili kutoka Uganda. Baadaye, katika miaka ya 1930, Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ulivuka mto Kagera na kuwafundisha Wakristo waliobatizwa zamani kwamba nao wapaswa kutubu na kuokoka. Hivyo kizazi cha wazee wetu kilijifunza kalenda mbili za kuongoka. Ya kwanza ni ya ukatekumeni, ambayo huhesabu miaka. Ya pili ni ya Uamsho, ambayo hukumbuka siku na saa.

Kalenda hizo zote mbili zilikusudiwa kwa ajili ya watu wengine, si kwa ajili ya binti yetu wa Kaisho. Yeye hatoki katika dini ya jadi, na wala hatuwezi kusema kwamba alikuwa amelala katika dhambi hata akaamshwa na parokia. Hata hivyo tunatumia maneno yale yale kwake. Majirani husema "amebadili dini". Wakatoliki wengine husema "ameongoka" au "amerudi kundini". Walutheri wengine husema "amepotea". Maneno haya yote yana kosa moja, kwa kuwa yanadhani kwamba hapo alipotoka hapakuwa na Kristo, au hapo anapokwenda hapana Kristo. Uhakiki wowote wa jambo hili hauna budi kuanza kwa kuyakataa maneno hayo.

3. Waraka wasemaje

Tunapousoma waraka wa mwaka 1972 tunakuta, pengine kwa mshangao, kwamba wenyewe umeyakataa. Kwa wasiobatizwa waraka umeweka njia ndefu: kuulizauliza, kupokelewa katika ukatekumeni, kuteuliwa mwanzoni mwa Kwaresima, kisha ubatizo, kipaimara na Ekaristi katika Mkesha wa Pasaka. Kwa waliokwisha kubatizwa kihalali umeweka ibada nyingine iliyo fupi. Ndani yake tunaona mambo matatu yanayostahili sifa.

Jambo la kwanza ni kwamba waraka unakataza ubatizo kurudiwa. Ubatizo wa sharti waweza kutolewa tu pale ambapo, baada ya uchunguzi, pamebaki shaka ya kweli kama ubatizo wa kwanza ulifanyika ipasavyo. Na hata hapo wapasa kufanywa faraghani. Mtu aliyebatizwa kwa maji katika jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kama tufanyavyo sote katika KKKT, hana shaka hiyo. Basi mama mzazi amejibiwa: mwanawe hatabatizwa tena. Mahali popote jambo hilo linapofanyika kinyume, linafanyika kinyume cha sheria ya Kanisa Katoliki lenyewe, na mchungaji anayo haki ya kulisema hilo kwa padre, kwa upole na kwa waraka mkononi.

La pili, waraka unalirejea azimio la mitume katika Matendo 15:28, kwamba mtu asitwikwe mzigo zaidi ya ule ulio wa lazima. Kwa hiyo hatakiwi kukana uzushi mbele ya watu, kama ilivyokuwa desturi kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Wazee wanaokumbuka enzi zile wanajua mabadiliko hayo yana uzito gani.

La tatu, waraka unaonya kwamba ibada isiwe na sura ya ushindi. Kupokelewa kwa mtu kusifanywe kama ngawira iliyotekwa vitani. Sisi ambao tumewahi kushangilia kwa vigelegele Mkatoliki alipojiunga na usharika wetu hatuna budi kulisoma onyo hilo mara mbili.

4. Pale ambapo waraka haukutosha

Hata hivyo, sifa hizo hazituzuii kuona upungufu.

Kwanza, katika toleo la Kilatini ibada hii imewekwa mwishoni mwa kitabu kama kiambatisho. Jambo hilo si la mpangilio tu. Padre au katekista mwenye watu wengi wa kufundisha husoma mwili wa kitabu, na kiambatisho humpita. Hatari inayotokea ni kwamba Mlutheri mwenye umri wa miaka 30, aliyesoma Biblia maisha yake yote, huwekwa benchi moja na mtu asiyewahi kusikia Sala ya Bwana, akafundishwa pamoja naye na kupokelewa usiku ule ule kana kwamba safari yao ni moja. Waraka wenyewe unataka wawili hao watofautishwe. Lakini jambo lililowekwa mwishoni mwa kitabu si rahisi kutangulia katika akili ya mtumiaji.

Pili, kuna suala la kipaimara, na hapa ndipo penye kidonda. Ubatizo wa binti yetu unaheshimiwa, bali kipaimara chake hakihesabiwi. Padre anayempokea humpaka krisma katika ibada hiyo hiyo, na hivyo humpa kwa mara ya kwanza kile ambacho yeye anakumbuka kuwa alikwisha kukipokea akiwa na gauni jeupe mbele ya usharika mzima. Neno ni moja katika Kiswahili, ila mambo ni mawili. Kwa Wakatoliki kipaimara ni sakramenti. Kwetu ni ibada ambayo aliyebatizwa mchanga huikiri imani ya ubatizo wake baada ya kufundishwa. Kwa kuwa sisi wenyewe hatufundishi kwamba kipaimara ni sakramenti, hatuwezi kulalamika kwamba sakramenti yetu imerudiwa. Lakini tunaweza, na twapaswa, kusema kwamba ibada ambayo haikihesabu kipaimara cha mtu huyu inamwacha na swali chungu: siku ile nilisema uongo? Sala moja tu ya kumshukuru Mungu kwa Kanisa lililomlea ingeliondoa swali hilo. 

Tatu, baada ya kukiri Imani ya Nikea pamoja na watu wote, anayepokelewa huongeza sentensi moja peke yake, akikiri kwamba anayaamini yote ambayo Kanisa Katoliki huyaamini na kuyafundisha kuwa yamefunuliwa na Mungu. Ni sentensi fupi, nayo imebeba mzigo mkubwa. Luther, katika waraka wake wa mwaka 1533 kwa watu wa Frankfurt, alikitumia kisa cha mchoma mkaa aliyeulizwa anaamini nini, akajibu kwamba anaamini lile ambalo Kanisa linaamini. Na alipoulizwa Kanisa linaamini nini, akajibu kwamba linaamini lile analoliamini yeye. Luther aliona kwamba imani ya namna hiyo haimfai mtu saa ya kufa. Onyo hilo bado lina nguvu. Lakini haki yatudai tuongeze jambo moja. Ni vijana wangapi wa kipaimara katika sharika zetu ambao hujibu maswali ya mchungaji kwa kukariri, wasijue walichokiri? Mchoma mkaa ana ndugu zake katika kila dhehebu, na wengine tumewafundisha sisi.

5. Mtu anayedhaniwa na mtu aliyepo

Upungufu wa nne ni mkubwa zaidi, kwa sababu unahusu mtu ambaye waraka unamdhani. Kila ibada ina mtu wake. Mtu wa ibada hii ni mtu mmoja, peke yake, ambaye dhamiri yake imechunguza mafundisho na kufikia uamuzi. Anafanana sana na John Henry Newman, mwanatheolojia wa Uingereza aliyepokelewa tarehe 9 Oktoba 1845 baada ya miaka ya kuwasoma Mababa wa Kanisa, na ambaye mwaka 1864 aliandika Apologia ili kuitetea historia ya mawazo yake. Tunakiheshimu kitabu hicho. Lakini tukikifanya kipimo cha kila anayehamia Kanisa Katoliki, tutaishia kuwadharau watu wa Kaisho, tukisema kwamba wao hawakuhama kwa imani bali kwa ndoa tu.

Neno hilo "kwa ndoa tu" linastahili kuchunguzwa. Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani (1977–1984), alichapisha mwaka 1974 kitabu chake juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu, Church, Clan and the World. Ndani yake alichunguza jinsi ushirika wa ukoo wa Wahaya unavyokutana na ushirika wa Kanisa. Kitabu hicho kilitoka miaka miwili baada ya waraka tunaouhakiki, nacho hakikuandikwa kwa ajili ya hoja yetu. Hata hivyo kinatufundisha kuuliza lile ambalo waraka haukuuliza: mtu huyu ni wa nani?

Tuchukue desturi ya Wanyambo na Wahaya. Binti akiolewa huhamia nyumba ya mume. Atalima shamba la huko, atapika chakula cha huko, na watoto atakaowazaa watakuwa wa ukoo wa baba yao. Lakini yeye mwenyewe hahami ukoo. Huendelea kuwa wa ukoo wa baba yake, na mwiko wa ukoo wake hubaki naye hata uzeeni. Nyumba imehamwa, ukoo haukuhamwa. Hakuna mkwe mwenye akili anayemwambia mke wa mwanawe kwamba tangu leo hakuzaliwa na wazazi wake.

Tunaona kwamba desturi hii inalieleza jambo letu vizuri kuliko maneno yote tuliyoyakataa hapo juu. Ukoo wa Mkristo ni ubatizo wake. Waefeso 4:5 haijui ubatizo wa Kilutheri na ubatizo wa Kikatoliki; inaujua mmoja. Yule anayetoka usharikani kwenda parokiani anahama nyumba, na kuhama nyumba si jambo dogo. Meza itakuwa nyingine, mamlaka nyingine, na baadhi ya mafundisho yatakuwa mengine, nasi hatutaki kuzificha tofauti hizo. Tunaamini hata sasa kwamba Ungamo la Augsburg lina sababu ya kuwapo. Lakini ukoo wake hauhami. Luther alifundisha jambo hilo hilo katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipokataa kusema kwamba chombo cha ubatizo huvunjika na kumwacha mtu ashike ubao wa kitubio. Chombo hakivunjiki, alisema. Anayeanguka majini hurudi akapanda chombo kile kile. Ikiwa dhambi haiwezi kukivunja chombo hicho, sembuse cheti cha ndoa?

Kwa hiyo "kwa ndoa tu" si lawama yenye haki. Ruthu alimfuata Mungu wa Israeli kwa kumfuata mkwewe, wala hakuna anayesema kwamba imani yake ilikuwa pungufu. Mungu huwaita watu kwa njia ya jamaa zao pia. Lililo baya ni mtu kusukumwa, na hapo ndipo wachungaji tunapopaswa kuwa macho.

6. Yatupasayo

Wengi wetu hatujui kwamba sheria ya Kanisa Katoliki haimlazimishi Mlutheri ahame ili afunge ndoa na Mkatoliki. Kwa mujibu wa Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, Mkatoliki huomba ruhusa ya ndoa ya mseto na kuahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Ahadi hiyo ni nzito, nasi hatuipuuzi. Lakini haimtaki mwenzake akane kanisa lake. Binti anayeambiwa na wakwe kwamba hakuna ndoa pasipo kuhama anaambiwa jambo lisilo kweli. Ni wajibu wetu kumweleza hayo mapema, kabla mahari haijapangwa, ili kama atahama ahame kwa hiari.

Aidha, akishahama, usharika usimfanye mfu. Tunaufahamu usharika mmoja ambamo jina la mama wa namna hii lilisomwa mbele ya watu pamoja na majina ya waliotengwa kwa uzinzi na ulevi. Wazazi wake walikuwa wamekaa katika benchi la tatu. Jambo hilo lilikuwa kosa. Kutengwa ni adhabu ya dhambi, na kupokelewa katika kanisa jingine linaloungama Utatu si dhambi ya namna hiyo. Daftari liandike kwamba amehamia Kanisa Katoliki, pamoja na tarehe, kama tunavyoandika juu ya aliyehamia usharika mwingine. Na cheti chake cha ubatizo kitolewe siku ile ile kinapoombwa. Anayekizuia cheti ndiye anayeleta shaka juu ya ubatizo tulioutoa sisi wenyewe.

Zaidi ya hayo, twaweza kufanya lile ambalo waraka haukulifanya. Kitabu chetu cha ibada kinaweza kuongezewa sala fupi ya kumsindikiza anayehama, yenye shukrani kwa ubatizo wake na ombi kwamba adumu ndani yake. Wengine watasema kwamba kwa kufanya hivyo tunawafungulia watu mlango watoke. Tunajibu kwamba mlango uko wazi tayari. Kinachoamuliwa ni kama mtu atoke akiwa amebarikiwa au akiwa amelaaniwa.

Tangu tarehe 31 Oktoba 1999, Tamko la Pamoja juu ya Fundisho la Kuhesabiwa Haki lilipotiwa sahihi mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na makanisa ya Fungamano letu yamekubali kwamba laana walizorushiana katika karne ya 16 juu ya fundisho hilo haziyapati mafundisho yaliyoelezwa katika Tamko. Itakuwa aibu ikiwa laana zilizoondolewa Augsburg zitaendelea kusomwa Kaisho, kanisani petu, juu ya mtoto wetu.

7. Hitimisho

Ibada ya mwaka 1972 ni njema kuliko wanavyoidhania wengi wa wanaoiogopa, na ni pungufu kuliko wanavyoidhania baadhi ya wanaoitumia. Inauheshimu ubatizo, lakini haikihesabu kipaimara kilichoufuata. Inamwona mtu, ila haimwoni mama yake. Upungufu huo hatuwezi kuwaachia Wakatoliki peke yao waurekebishe, maana mama yake yumo katika usharika wetu.

Basi mchungaji anayeulizwa swali lile nje ya kikao asitikise kichwa. Aketi na yule mama, amwambie kwamba mwanawe hatabatizwa tena, kwa kuwa maji yale yaliyomwagwa juu yake siku ile, mama akiwa amembeba, yalitosha. Kisha amwombe mama aendelee kumtembelea mwanawe na wajukuu, hata siku ya kipaimara chao parokiani. Na ikiwezekana, mchungaji afuatane naye.